Ruzuku, Wapangaji na Mji wa Kale: Mitaa Mitano ya Bologna

Katika nchi zinazofuata mfumo wa kibepari, mtaa wa zamani wa watu wa kipato cha chini huweza kufa kwa njia mbili. Njia ya kwanza inajulikana na kila mtu. Mwenye nyumba haoni faida ya kutengeneza paa, mpangaji hana uwezo wala haki ya kulitengeneza, mvua inaingia, kuta zinaloa, na mwisho halmashauri inatangaza kwamba nyumba ni ya hatari na kuleta tingatinga. Njia ya pili haitambuliki upesi kuwa ni kifo kwa sababu imevaa sura ya maendeleo. Serikali inatoa ruzuku, mafundi wanakuja, kuta zinapigwa chokaa, wageni wanapita wakishangaa uzuri wa madirisha. Wakati huo huo kodi inapanda, mpangaji anafunga mizigo yake, na baada ya miaka michache mtaa umependeza lakini wale waliouzaa na kuulea hawamo tena.

Katika makala haya tunachunguza jaribio moja la kuzikwepa njia hizo zote mbili kwa pamoja, yaani jaribio la mji wa Bologna, kaskazini ya Italia, katika miaka ya 1970. Tunalichagua kwa sababu halmashauri ya mji huo ilikuwa mikononi mwa Chama cha Kikomunisti cha Italia tangu mwaka 1945, wakati serikali kuu ya Roma ilikuwa mikononi mwa wapinzani wake, Chama cha Demokrasia ya Kikristo. Kwa hiyo chama kilichotawala mji hakikuwa na dola, hakikutunga sheria za nchi, wala hakikushika njia kuu za uchumi. Kilikuwa na halmashauri, mpango, na imani ya umma. Swali lililokikabili ni swali ambalo mwanamapinduzi yeyote anayeshughulika na miji hawezi kulikwepa: fedha za umma zikishaingia katika nyumba ya mtu binafsi, nyumba hiyo ni ya nani?

Mji na wakazi wake

Bologna ni mji wa kale sana. Chuo Kikuu chake huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088. Mwaka 1256 utawala wa mji ulitoa uamuzi wa kuwaweka huru watwana zaidi ya 5,000, ukawalipa makabaila fidia kutoka hazina ya mji. Wanahistoria wa kibepari hupenda kulisifu tendo hilo kama huruma tupu. Sisi tunaongeza kwamba mtu huru hutozwa ushuru na mtwana hatozwi, na kwamba mji uliokuwa ukipanuka ulihitaji mikono ya kazi. Lakini tendo lilikuwa la maana, na watu wa Bologna hawajalisahau.

Sheria nyingine ya karne hiyo inahusu moja kwa moja habari yetu. Mwaka 1288 mji uliamuru kwamba kila nyumba mpya ijengwe na baraza ya matao upande wa barabarani, na nyumba zilizokuwa hazina zijengewe. Baraza hizo zilitakiwa ziwe na kimo cha kumwezesha mtu aliyepanda farasi kupita. Ardhi iliyo chini ya baraza ni ya mwenye nyumba, na matengenezo ni juu yake, lakini njia ni ya watu wote. Hapa tunaona jambo la kufikirisha: miaka mia tano kabla ya Marx kuzaliwa, wafanya biashara na mafundi wa mji mmoja wa Italia walikwisha kukubali kwamba mali ya mtu binafsi inaweza kubebeshwa wajibu wa kudumu kwa faida ya umma, na kwamba wajibu huo hauishi nyumba inapouzwa. Baraza za Bologna leo zina urefu wa kilomita 62 hivi zikijumlishwa pamoja, na mwaka 2021 ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Nyuma ya baraza hizo, mbali na majumba ya matajiri, kulikuwa na nyumba za safu za mafundi na vibarua. Ni nyumba nyembamba, zenye upana wa mita chache tu upande wa barabarani, lakini zinaingia ndani sana. Mbele kuna baraza na karakana au duka, katikati ngazi, juu vyumba vya kulala, nyuma kiwanja cha kufulia na kupanda mboga. Mtaa wa Santa Caterina ni mfano mzuri: safu ndefu ya nyumba ndogo, baraza za chini, hakuna hata moja ya kujivunia peke yake. Kwa karne nyingi nyumba za namna hiyo ziliwapokea watu waliofanya kazi katika vinu vya hariri vilivyoendeshwa kwa maji ya mifereji, na katika kazi za katani. Viwanda hivyo vilipokufa, walibaki washona viatu, maseremala, madobi, wachuuzi na wazee wenye pensheni ndogo.

Mabadiliko ya karne ya ishirini tunayapitia kwa haraka. Kuanzia mwaka 1902 kuta za kale zilizozunguka mji zilibomolewa, na baadaye barabara za katikati zikapanuliwa kwa kuvunja majengo ya zamani. Mabomu ya vita vya pili vya dunia yakaacha matundu katika mitaa mingi. Mji ulikombolewa tarehe 21 Aprili 1945, na Giuseppe Dozza akawa Meya hadi mwaka 1966. Lazima tuseme wazi kwamba Wakomunisti hawakuanza na fikra sahihi kuhusu mji wa kale. Mpango wao wa mwaka 1955 uliendelea kuruhusu kuvunja na kupanua, na fahari yao ilikuwa majengo mapya ya wafanyakazi nje ya mji. Hata mwaka 1967 Meya Guido Fanti alimwita msanifu majengo wa Kijapani, Kenzo Tange, achore mji mpya mkubwa upande wa kaskazini. Ni sehemu ndogo tu ya michoro hiyo iliyojengwa.

Wakati huo katikati ya mji ilikuwa ikitokwa na watu. Familia changa zilihamia vitongojini zikifuata choo cha ndani na maji ya moto. Mahali pao palishikwa na ofisi, mabenki na maduka. Waliobaki ni wale wasioweza kuondoka. Mfanyakazi aliyehamishiwa pembezoni alilipa nauli kila siku kwenda kazini, na halmashauri ililipa kujenga barabara mpya, mifereji mipya na shule mpya, huku shule za katikati zikikosa watoto.

Halmashauri za mitaa

Kabla ya fedha kuja, kulikuwa na chombo. Jambo hili ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote, na waandishi wengi wanaolipita haraka ili wafike kwenye michoro ya wasanifu hukosea.

Chombo chenyewe kilizaliwa kwa njia ya kuchekesha. Katika uchaguzi wa mwaka 1956, Chama cha Demokrasia ya Kikristo kilimsimamisha Giuseppe Dossetti ili amng'oe Dozza. Dossetti alitoa kitabu cha sera kilichopendekeza kuugawa mji katika mitaa, kila mtaa uwe na halmashauri yake ili wananchi wajitawale katika mambo yaliyo karibu nao. Alishindwa. Lakini walioshinda walilitazama pendekezo la adui yao, wakaliona ni zuri, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakalitekeleza. Chama chenye kujiamini hakiogopi kuchukua fikra njema kwa sababu tu imetoka kinywani mwa mpinzani.

Halmashauri za mitaa, ambazo baadaye zilifikia 18, hazikuwa na madaraka makubwa kisheria. Zilipewa nafasi ya kujadili mipango ya majengo, shule, zahanati na bustani kabla ya kufika katika halmashauri kuu. Thamani yake ilikuwa katika mazoea. Kwa muda wa miaka kumi hivi mwenye duka, mama wa nyumbani, fundi na mzee wa pensheni walizoea kukaa chumba kimoja na mtaalamu, kumwuliza maswali na kumkatalia. Kwa hiyo mpango wa mji wa kale ulipoletwa, haukuwakuta wananchi wamesinzia.

Kazi ya kitaalamu nayo ilikuwa imekwisha kufanywa. Katika miaka ya 1960 kundi la wachunguzi likiongozwa na mwanahistoria wa majengo, Leonardo Benevolo, liliupima mji wa kale. Matokeo yake yalikuwa mpango wa mwaka 1969 uliosema kwamba mji mzima wa kale, pamoja na vibanda vya mafundi, ni mnara mmoja wa kumbukumbu. Pier Luigi Cervellati, msanifu kijana aliyekuwa mjumbe wa halmashauri ya mji, akalisukuma wazo hilo mbele zaidi. Majengo yaligawanywa kwa aina zake: makanisa na majumba makubwa yatumike kwa shule, maktaba na mikutano, majumba ya kati yafae kwa wanafunzi na ofisi za jumuiya, nyumba za safu zibaki kuwa nyumba za kuishi. Aina ya nyumba ndiyo iliyoamua matumizi, na matumizi yakamzuia mlanguzi. Mtu aliyenunua nyumba tano za safu kwa nia ya kujenga benki alikuta hawezi.

Na Cervellati alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kwa namna mbalimbali: kuhifadhi mawe bila kuwahifadhi wanaoishi ndani yake si hifadhi. Leo kila mtaalamu wa miji anasema hivyo. Wakati ule ilikuwa fikra ya kugombewa.

Fedha

Tuje sasa kwenye ruzuku. Tangu mwaka 1963 wafanyakazi wa Italia walikuwa wakikatwa sehemu ya mishahara yao kwa ajili ya mfuko wa nyumba ulioitwa GESCAL. Fedha hizo zilitumika kujenga majengo mapya kwenye mashamba ya nje ya miji, na walionufaika kwanza walikuwa wenye mashamba hayo, ambayo bei yake ilipanda mara barabara ilipofika. Sheria namba 167 ya mwaka 1962 ilizipa halmashauri uwezo wa kutenga ardhi kwa nyumba za umma. Sheria namba 865 ya mwaka 1971, iliyopatikana baada ya migomo mikubwa ya wafanyakazi kudai makazi, iliongeza uwezo wa kutwaa ardhi kwa fidia ndogo kuliko bei ya soko.

Halmashauri ya Bologna ilizisoma sheria hizo kwa jicho la kisiasa. Ilisema: ikiwa fedha hizi ni za nyumba za wafanyakazi, wapi pameandikwa kwamba lazima nyumba hizo ziwe mpya na ziwe mbali? Nyumba za wafanyakazi tunazo, zimesimama kwa karne nyingi, zinavuja. Barabara ipo, mfereji upo, shule ipo, soko lipo, na jirani yupo. Tukihesabu gharama zote, wala si za fundi mwashi peke yake, kutengeneza hakuzidi kujenga upya. Hoja hiyo ilikuwa ngumu kujibiwa, ndiyo maana wapinzani waliihama na kukimbilia kwenye sheria, wakidai kwamba sheria ya ardhi tupu haiwezi kutumika katika mitaa yenye watu.

Mpango wa nyumba za umma katika mji wa kale ulipitishwa mwezi Machi 1973, wakati Renato Zangheri, mwanahistoria wa uchumi, akiwa Meya. Mitaa mitano ilichaguliwa kuanza: Santa Caterina, Solferino, San Leonardo, San Carlo na Fondazza. Yote ilikuwa midogo, yote ilikuwa ya watu wa kawaida, na yote ilikuwa katika hali mbaya.

Utaratibu wa kazi unastahili kuelezwa kwa urefu, maana hapa ndipo nadharia inapokutana na ndoo na kitanda cha mgonjwa. Nyumba haiwezi kutengenezwa huku familia imo ndani. Na familia ikiondoka, nani atahakikisha kwamba itarudi? Katika miji mingi neno "kwa muda" limekuwa ndilo neno lililowafukuza wananchi. Bologna ilianza kwa kujenga, ndani ya mtaa ule ule, nyumba za kupokelea kwa muda, hasa kwenye viwanja vilivyoachwa wazi na mabomu na katika majengo yaliyokuwa tupu. Nyumba hizo zilifuata umbo na vipimo vya majirani zake. Familia za safu ya kwanza zilihamia humo, zikiwa bado karibu na duka lao, kanisa lao na shule ya watoto wao. Nyumba zao zikatengenezwa. Wakarudi. Kisha familia za safu ya pili zikaingia katika nyumba za kupokelea. Kazi ilikwenda polepole, kama anavyovaa nguo mtu mwenye shati moja la kubadili. Lakini mzee wa San Leonardo aliweza kwenda kila asubuhi kuwatazama mafundi wakifanya kazi katika nyumba yake, na kuwasumbua.

Ndani, nyumba nyembamba mbili wakati mwingine ziliunganishwa ili ngazi moja itoshe na nafasi ya choo na jiko ipatikane. Viwanja vya nyuma, ambavyo vilikuwa vimejaa mabanda, vilifunguliwa na kuunganishwa kuwa bustani ya pamoja. Vyumba vya chini viliachiwa mafundi na wenye maduka madogo. Mambo haya yalijadiliwa katika halmashauri za mitaa, na majadiliano hayakuwa ya adabu wakati wote.

Mwenye nyumba mdogo

Mpango wa kwanza ulikuwa mkali. Halmashauri ilikusudia kuzitwaa nyumba zilizochakaa, kuwalipa wenyewe fidia, na kuziweka chini ya vyama vya ushirika vya wakazi ambavyo vingemiliki majengo kwa pamoja bila kugawana. Mkazi angekuwa na haki ya kuishi maisha yake yote na kulipa kodi nafuu, lakini asingekuwa na haki ya kuuza. Nyumba ilielezwa kuwa ni huduma ya jamii, kama maji na hospitali.

Kwa nadharia hatuoni kasoro. Kasoro ilitokea katika uchambuzi wa matabaka. Ni nani aliyekuwa mwenye nyumba katika Santa Caterina? Baadhi walikuwa walanguzi, lakini wengi hawakuwa mabepari. Walikuwa seremala mstaafu aliyenunua nyumba kwa akiba ya maisha, mjane aliyerithi vyumba vitatu na kula kwa kodi ya viwili, mwenye duka anayeishi juu ya duka lake. Na watu hao ndio waliokuwa sehemu ya nguvu ya chama. Tangu hotuba ya Palmiro Togliatti katika mji jirani wa Reggio Emilia mwezi Septemba 1946, Wakomunisti wa mkoa huo walifuata siasa ya kuwaunganisha wafanyakazi na tabaka la kati, yaani mafundi, wachuuzi na wakulima wadogo, dhidi ya ukiritimba. Miaka 27 baadaye, mpango wa mji wa kale ulimgonga mlangoni yule yule mshirika na kumwambia nyumba yako inachukuliwa.

Wapinzani hawakulaza damu. Walanguzi wakubwa, ambao wasingeweza kusimama hadharani kutetea faida zao, walijificha nyuma ya mjane mwenye vyumba vitatu. Hiyo ni desturi yao mahali pote. Mikutano ya mitaa ikawa na joto, na halmashauri ikabidi ichague: kuendelea na kutwaa nyumba huku ikivunja umoja wa nguvu zake, au kurudi nyuma hatua moja.

Ilirudi nyuma. Kutwaa kukawekwa kuwa njia ya mwisho kwa yule atakayekataa kabisa kutengeneza. Njia ya kwanza ikawa mkataba. Mwenye nyumba angepata ruzuku ya matengenezo, kubwa zaidi kwa mwenye kipato kidogo, na yeye angejifunga kwa maandishi: wapangaji wale wale warudi, kodi iwe ile iliyokubaliwa na halmashauri, nyumba isiuzwe kwa ulanguzi katika muda wa mkataba. Nyumba ambazo halmashauri ilizinunua, au ilikuwa nazo tangu zamani, zilitengenezwa moja kwa moja kwa fedha za umma na kubaki mali ya umma.

Wapo waandishi wa mrengo wa kushoto walioita hatua hiyo usaliti. Hatukubaliani nao. Halmashauri ya mji mmoja, chini ya serikali kuu iliyo adui, isingeweza kuvunja mali binafsi katika mitaa mitano wakati mali hiyo ilikuwa ikitawala Italia nzima. Na sharti lililofungwa kwenye ruzuku lilikuwa na maana kubwa: lilifanya fedha za umma ziandamane na mpangaji badala ya kuandamana na ukuta. Pale ruzuku inapotolewa bila sharti hilo, umma humlipa mwenye nyumba gharama za kumfukuza mpangaji wake.

Hata hivyo tunaona upungufu mmoja mkubwa, nao si ule unaotajwa na wakosoaji hao. Katika kurudi nyuma, wazo la chama cha ushirika cha wakazi liliachwa njiani. Halmashauri ilibaki na pande mbili tu za mkataba, yaani mji na mwenye nyumba. Mpangaji, ambaye mkataba mzima ulifanywa kwa ajili yake, alikuwa mtu wa tatu: alitajwa, alilindwa, lakini hakuweka sahihi. Haki yake ilikuwa na tarehe ya kuisha, na mtunza tarehe hakuwa yeye.

Sifa na mipaka

Jina la Bologna lilienea haraka. Mwezi Oktoba 1974 Baraza la Ulaya lilifanya mkutano wake katika mji huo kuhusu gharama za kijamii za kuhifadhi miji ya kale. Mwaka uliofuata Azimio la Amsterdam lilitamka kwamba ukarabati wa mitaa ya zamani ufanywe, kadiri iwezekanavyo, bila kubadili sana aina ya wakazi wake. Wajumbe wa serikali za kibepari walitia sahihi maneno ambayo miaka miwili nyuma yalikuwa maneno ya Wakomunisti wa mji mmoja. Ujumbe baada ya ujumbe ulifika kutazama Santa Caterina na San Leonardo, na huenda wageni walikuwa wengi kuliko nyumba zilizokwisha kutengenezwa. Maana tukizihesabu nyumba zilizokamilika hadi mwisho wa muongo ule, tunazungumza juu ya mamia, wala si maelfu, katika mji wa kale uliokuwa na makumi ya maelfu ya wakazi.

Fedha za serikali kuu zilikuja kidogo kidogo. Wenye nyumba wengi waliutazama mkataba, wakaona kodi iliyofungwa haiwapi faida, wakaamua kusubiri. Mwaka 1978 sheria namba 457 ilieneza nchini kote mipango ya kukarabati mitaa ya zamani, na hapo tunaweza kusema mbinu ya Bologna ilishinda. Lakini sheria hiyo ilifungua mlango mpana kwa mwenye nyumba kutengeneza kwa mikopo nafuu. Mbinu ya ufundi ilipita, sharti la kijamii likalegezwa. Kisha mwaka 1980 Mahakama ya Katiba ikabatilisha utaratibu wa fidia ndogo, na kutwaa nyumba kwa manufaa ya umma kukawa ghali. Fimbo iliyowekwa nyuma ya mlango ikavunjwa, na mwenye nyumba alijua.

Upungufu mwingine ulitoka ndani. Mpango uliwatazama wafanyakazi na wazee wa mtaa, lakini haukuwatazama vya kutosha wanafunzi, ambao hawakuwa wapiga kura wa Bologna wala wanachama wa halmashauri za mitaa. Walitoka mikoa mingine, wakapangishwa vitanda kwa bei za kunyonya katika nyumba zile zile kuukuu. Mwezi Machi 1977 ghasia zilizuka. Tarehe 11 mwanafunzi Francesco Lorusso aliuawa kwa risasi za askari, na magari ya deraya yakaingia katika mitaa ya Chuo Kikuu. Chama kilichokuwa kimejifunza kumsikiliza mjane wa Santa Caterina kilishikwa na bumbuwazi mbele ya vijana hao. Sababu za ghasia zilikuwa nyingi, na makazi ni moja tu kati yake. Lakini demokrasia ya mtaa huwa na ukuta wake: yeye asiyehesabiwa kuwa mwenyeji hasikilizwi, hata akilala humo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda na mkondo. Halmashauri za mitaa zilipunguzwa kutoka 18 hadi 9 mwaka 1985, na hadi 6 mwaka 2016. Kila mtaa ukawa mkubwa zaidi na mjumbe akawa mbali zaidi na mlango wa mtu. Chama cha Kikomunisti cha Italia kilijivunja mwaka 1991. Mwaka 1999 mrengo wa kushoto ulishindwa uchaguzi wa Bologna kwa mara ya kwanza tangu vita, ingawa uliurudisha mji mwaka 2004. Mikataba ya miaka ya 1970 ilifika mwisho mmoja baada ya mwingine. Nyumba ambazo halmashauri ilikuwa imezinunua zilibaki za umma, na katika hizo kodi nafuu iliendelea. Zile za mkataba zilirudi sokoni zikiwa na paa zima, choo cha ndani na bustani nyuma.

Leo mji wa kale wa Bologna ni mzuri kweli kweli. Safu za nyumba zimesimama, hakuna aliyezivunja kujenga benki, na hilo ni tunda la mpango wa 1969 na 1973 ambalo hakuna awezaye kulikana. Santa Caterina imo miongoni mwa sehemu 12 za baraza za matao zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO. Lakini vyumba vingi hukodishwa kwa wanafunzi kwa kichwa, na katika miaka ya karibuni vingine vimegeuzwa kuwa malazi ya watalii wa siku mbili tatu.

Mtaa wa Fondazza, mmoja wa ile mitano, umetoa habari nyingine. Ni mtaa alioishi mchoraji Giorgio Morandi hadi alipofariki mwaka 1964. Mwaka 2013 wakazi wake, wakiwa wamechoka kupishana ngazini bila kujuana, walianzisha umoja wa majirani: kuazimana vifaa, kuangaliana watoto, kula pamoja chini ya baraza. Mfano wao ulifuatwa katika mamia ya mitaa ya Italia. Mwaka 2014 halmashauri ya mji ikapitisha kanuni ya kuwawezesha wananchi kufunga mapatano na mji ili kutunza mali za pamoja, na safari hii mkazi mwenyewe anaweka sahihi yake. Mapatano hayo yamekuwa mengi. Yanahusu kusafisha kuta zilizochorwa, kupanda maua, kutengeneza viti, kulinda baraza na viwanja. Kodi ya nyumba haimo katika mapatano hayo. Inapangwa na mwenye nyumba na soko.